Kiapo cha Mfunguo Mosi

Nassor wa Mtongwe alikuwa mlevi mwenye adabu. Natanguliza hilo nisije nikaambiwa namsengenya. Hakutukana watu, hakuanguka njiani, wala hakuinua mkono juu ya mtu. Alikuwa mnyapara wa makuli bandarini Kilindini, na jioni akishavuka kurudi upande wetu hakuja nyumbani moja kwa moja. Alipitia Bofu kwa Mramba mgema, akaketi katika mangwe yake, kile kibanda cha makuti ambamo watu hunywa tembo kwa mrija, akanyonya mpaka jua likachwa. Kisha alirudi polepole kama mtu aliyebeba mayai. Isha ikiadhiniwa, yeye yuwakoroma. Mkewe Barke alimfunika shuka, akaendelea na shughuli zake. Nyumba yao na yangu zilikuwa na ua mmoja, na wallahi kwa miaka yote ile sikusikia ugomvi kule. Utagombana vipi na mtu aliyelala?

Na Ramadhani alikuwa akiacha. Hapo pia hakuwa peke yake. Walevi wetu wa Kiislamu wote huacha Ramadhani. Siku za mwisho za Shaabani huvunja jungu, wakala na kunywa kama watu watakaonyongwa kesho, kisha wakatia kofia zilizopigwa pasi, wakaenda tarawehe, wakasimama safu ya mbele na kukohoa kwa nguvu ili wajulikane wamo. Mramba, ambaye si Mwislamu, alikuwa akisema huo ndio mwezi wake wa kuezeka nyumba. Idd ikipita, mwezi ule wa Mfunguo Mosi, kila mtu hurudi kwenye mrija wake, na hapana anayemuuliza mwenziwe.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata gharika, kabla ya Uhuru, watu wa Pwani walipokuwa wakibishana juu ya Mwambao. Wengine walitaka ukanda wetu ujitenge na ubaki na bendera nyekundu ya Sultani, wengine walitaka uingie Kenya. Mabishano makubwa yalikuwa barazani kwa Mohdhar, muuza duka, aliyekuwa akiuza unga, mafuta ya taa na papa mkavu. Kila jioni waliketi pale wanaume watano sita wakidai kujitawala, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akilitawala koo lake.

Idd ilipokwisha, Mohdhar akamwambia Nassor mbele ya watu, "Haya Bwana Mnyapara, Mramba kashamaliza kuezeka. Twende tukalione paa lake."

Nassor alikuwa bado ana joto la tarawehe. Akasema, "Mimi nimeacha."

"Umeacha lini?"

"Tangu mwezi kuandama."

Baraza zima likacheka. Mohdhar akafuta machozi kwa ncha ya shuka yake. "Ndugu yangu, hiyo si kuacha. Ramadhani mashetani hufungwa minyororo, na wewe ulifungwa pamoja nao. Sasa nyote mmefunguliwa. Mfunguo Mosi ndio tutakujua."

Hapo ndipo Nassor aliposimama. Angeweza kuweka saa yake ya mkono, nzuri, ya Kizungu. Angeweza kuweka mbuzi wake wawili. Lakini saa aliipenda, na mbuzi alikuwa akiwatazamia maulidi. Akasema kwa sauti ya mtu anayehutubia, "Basi shuhudieni. Mfunguo Mosi huu, mpaka uandame mwezi mwingine, tembo ikipita kooni mwangu, Barke si mke wangu kwa talaka tatu!"

Mohdhar akaweka mizani chini. "Ah! Hapo umekuwa dume," akasema.

Mume wangu alikuwapo, akaja akanihadithia. Asubuhi nikaenda kwa Barke, nikamkuta jikoni anageuza vitumbua, maana alikuwa akivipika na kuwauzia makuli pale bandari ndogo wanapopanda boti.

"Somo," nikamwambia, "mumeo kakuapia."

"Kaniapia nini? Kanga za Idd?"

"Kakuapia talaka. Akinywa mwezi huu, huna ndoa."

Kitumbua kikaungua. Hakukitoa. "Moja?"

"Tatu."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa hapa."

Akaliteremsha karai motoni, akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Barke aliolewa kigori, na sasa mvi zilikuwa zimeanza kuchungulia. Mwanawe mmoja tu, Mwanaima, alikuwa ameolewa Kisauni katika chumba kimoja na mama mkwe ndani yake. Ndugu yake alikuwa Changamwe, yeye na wanawe wanane katika vyumba viwili. Nyumba ya Mtongwe ilikuwa ya Nassor, kiwanja cha Nassor, hata mnazi wa uani wa Nassor.

"Kwa hivyo," akasema, "paa langu limetundikwa kwenye koo la mlevi."

"Ndivyo."

"Basi sina budi nilichunge hilo koo."

Akalichunga. Alasiri alijitanda buibui, akachukua bakuli la vitumbua, akaenda kumngoja pale boti zinapofika. Nassor akiteremka tu, mkewe yuko mbele yake. "Baba Mwanaima, pole na kazi. Twende nyumbani." Wakawa wanapita njia ya juu, wasipite Bofu. Watu wakacheka, wakasema Barke anamtoa mumewe chuoni kama mtoto wa madrasa. Yeye hakujali. Alimpikia uji wa pilipili manga, alimpa tangawizi, na akimwona anameza mate humtilia maji ya ndimu. Nassor akaoga, akanenepa, mashavu yakang'aa. Ijumaa moja Maalim Jaffar, mwalimu wetu wa dini, akamtaja katika darasa lake kuwa ni mfano wa mtu aliyeishinda nafsi yake. Wanaume wakageuka kumtazama. Barke alikuwa nyuma ya pazia na sisi wanawake, na hapana aliyegeuka huko.

Lakini jambo moja hatukulitazamia. Nassor mlevi alikuwa akilala. Nassor mzima alikuwa macho, na macho yake yalikuwa na kazi moja tu, kuikagua nyumba.

"Bi Barke, humu ndani mna panya!"

"Wako tangu Mwanaima yuwanyonya, baba."

"Kwa nini chumvi hukaa upande huu?"

"Kwa sababu mkono wangu uko upande huu."

Alihamisha kitanda. Alihamisha mtungi. Alisimama mlangoni mwa jiko akamwonyesha namna ya kukuna nazi, yeye ambaye hakuwahi kuikuna. Wageni wakija aliwahadithia habari za azma, akajipiga kifua, akasema Pwani ikipata watu kumi kama yeye haitahitaji Sultani wala Kenya. Kisha akageuka na kumwambia mkewe mbele yao, "Tangu niache tembo nimetambua kwamba nyumba hii haikuwa na mpango."

Siku hiyo Barke alinijia uani na ufagio mkononi. "Somo, zamani nilikuwa na mume nusu siku. Sasa ninaye mzima. Mzima ni mwingi mno, mama."

"Basi mwache anywe," nikamtania.

"Hata kidogo. Yuwanichosha, lakini nikitoka hapa nitalala wapi? Katikati ya watoto wanane?"

Akarudi kukoroga uji wake.

Mwezi ukafika siku ya ishirini na tisa, ile ambayo mwezi mwingine huweza kuandama au usiandame. Mtu asiyekulia kwetu labda hajui: mwezi wa Ramadhani na wa Idd hutafutwa na mji mzima, watu hupanda mapaa, hupigana vikumbo ufuoni. Mwezi wa Mfunguo Pili hautafutwi na mtu. Huja ukajikalia zake. Mwaka ule watu wawili waliutafuta, Barke na mumewe, kila mtu kwa sababu zake.

Barke alikwenda ufuoni mapema, akauangalia magharibi juu ya maji. Masika yalikuwa yameanza na wingu lilikuwa zito kama blanketi. Alikaa pale uso juu, kama kuku anayekunywa maji, mpaka giza likaingia. Hakuona kitu. Akasema basi, tumalize na kesho, na akatazama boti ya mwisho. Mumewe hakuwamo.

Nassor alikuwa amekuja na boti ya mapema, kabla mkewe hajafika ufuoni. Mohdhar alimngoja pale, akamwambia, "Twende Bofu tukautazame mwezi. Kule kuna uwazi." Bofu kuna minazi, kichwa kwa kichwa, kutoka chini huoni hata kundi la kunguru. Lakini walikwenda. Yaliyotokea huko nimeyajua kwa sababu Mohdhar aliyasimulia mwenyewe, tena akicheka, kabla hajajua yatafika wapi.

Wakati huo wa magharibi mgema huwa juu ya mnazi. Hupanda asubuhi na jioni, akakata upya kile kikonyo kinachotiririsha tembo na kukimwaga kibuyu chake. Wakamwona Mramba huko juu, miguu imekumbatia shina.

"Mramba!" Mohdhar akaita. "Huko juu wauona mwezi?"

"Mwezi gani?"

"Mwezi mpya! Mfunguo Pili!"

"Miezi yenu mimi siijui, mzee."

"Kitu chembamba, cheupe! Tazama magharibi!"

Mramba akatazama magharibi. Kisha akatazama chini, akamwona Nassor, mnywaji wake mkubwa, aliyepotea tangu Shaabani. Akafikiri kidogo.

"Naona kitu cheupe," akasema.

"Chembamba?"

"Mkitaka chembamba, ni chembamba."

"Takbiri!" akapiga ukelele Mohdhar. Nassor akaingia mangweni, na alipotoka alikuwa ameunywa mwezi mzima kwa kikao kimoja.

Barke alikuwa mlangoni aliporudi. Safari hii hakutembea kama aliyebeba mayai. Alitembea kama mayai yenyewe. Harufu ilitangulia.

"Baba Mwanaima, umefanya nini?"

"Mwezi," akasema Nassor, akainua kidole, "umeandama."

"Kauona nani?"

"Mramba."

Barke akakaa kizingitini. "Mramba muuza tembo kauona mwezi, ndipo ukanywa tembo."

"Alikuwa juu! Mtu aliye juu ndiye huona!"

Hakumjibu. Aliingia akachukua kanga mbili, akaja kwangu. "Somo, nitandikie. Sijui kama yule aliye ndani ni mume wangu au ni mwanamume wa watu."

Kesho yake baada ya alasiri tukaenda kwa Maalim Jaffar. Wanaume barazani, sisi wanawake ukumbini nyuma ya pazia. "Shikamoo Maalim," "Marahaba," kisha mambo yakamwagwa. Maalim alikuwa kashauliza mjini na Kisauni. Hapana aliyeuona mwezi. Sasa akauliza mashahidi wa Nassor ni kina nani. Mohdhar akasimama na wenzake wawili waliokuwa mangweni jioni ile.

"Nyinyi mliuona kwa macho yenu?"

"Hatukuuona, Maalim. Tulisikia umeonekana."

"Na mlikuwa mkifanya nini huko?"

Mohdhar akaketi, na wenzake wakaketi nyuma yake.

Mramba naye aliitwa. Alisimama uani na kisu chake kiunoni, maana jioni ilikuwa karibu na kazi ilimngoja. "Mimi nilisema naona kitu cheupe. Labda ni taa ya meli."

"Mbona hukusema ni taa?"

"Hawakuniuliza taa, mzee. Waliniuliza mwezi."

Maalim akafumba macho kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Ndoa kuvunjika lilikuwa jambo zito kwake, akatafuta mlango. Akasema, "Nassor, aliyekosea bila kujua ana udhuru. Kama jana uliamini kwa moyo wako kwamba mwezi umeandama, na ukanywa kwa imani hiyo, talaka haikupita. Dhambi ya tembo ni yako na Mola wako. Njoo uweke mkono juu ya msahafu, uape kwamba uliamini."

Pale nyuma ya pazia nilisikia Barke akivuta pumzi. Kesi ilikuwa imekwisha. Neno moja, na paa lake lingebaki juu ya kichwa chake.

Nassor akasimama. Akaenda mpaka kwenye marufaa, kile kibao kinachowekewa msahafu. Mkono ukainuka, ukafika nusu ya njia, ukabaki hapo. Kwetu mtu akiuapia msahafu uwongo hupofuka, au tumbo lake hujaa maji. Tangu utoto tumeambiwa, na kila mtaa una mtu wa kuonyeshwa kwa kidole. Mkono ukashuka.

"Maalim, niruhusu niseme na mke wangu."

Akaja kwenye pazia. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa Barke, na sikuondoka, wala hapana aliyeniambia niondoke.

"Bi Barke," akanong'ona. Ilikuwa sauti tamu ambayo sijaisikia kwake tena. "Mama. Wewe jana ulikuwa ufuoni."

"Nilikuwapo."

"Wewe hunywi. Wewe kila mtu akuamini. Mwambie Maalim uliuona."

"Sikuuona."

"Sema uliona kitu."

"Niliona wingu."

"Jamani, neno dogo tu, tukapumzike sote nyumbani."

"Niliapie?"

"Kidogo tu."

"Na wewe kwa nini huapi? Umeambiwa uape kwamba uliamini. Si uliamini?"

Nassor akasema kwa sauti ndogo sana, "Naogopa, mke wangu."

"Waogopa nini?"

"Macho yangu."

"Macho yako," akasema Barke.

Nilijua anafikiri Changamwe, na wale watoto wanane, na mkeka utakaotandikwa mlangoni. Nilimshika mkono, nikamwambia kwa sikio, "Somo, neno ni lako." Yule mwanamume alipotaka kiapo cha kumwumiza mkewe alikitoa mbele ya duka, kwa sauti, bila kuulizwa. Kiapo ambacho kingemwumiza yeye kilimshinda kukinyanyua, na akamletea mkewe akibebe.

Barke akaongea, si naye, bali kwa watu wote. "Maalim!"

"Naam, Bi Barke."

"Jana nimeutafuta mwezi mpaka giza. Nimeutafuta kuliko mtu yeyote Mombasa nzima, maana niliutaka. Sikuuona. Palikuwa na wingu. Na kama huyu bwana aliamini au hakuamini, mwulize mwenyewe. Mimi nimechoka kumsemea."

Mohdhar akadakia, "Maalim, ushahidi wa mwanamke mmoja..."

"Wewe nyamaza," akasema Maalim. "Nimetaka mashahidi wanaume, nimeletewa vibuyu."

Akamwuliza Nassor mara ya pili kama ataapa. Akamwuliza mara ya tatu. Nassor alikuwa akiutazama msahafu kama mtu atazamaye mbwa aliyefungwa kamba mbovu. Maalim akafunga kitabu, akasema talaka tatu zimepita.

Hapo Nassor akalia. Alilia vizuri, kwa sauti, na wanaume wakamzunguka wakampapasa mgongo, masikini, mwenzetu, tembo si kitu kizuri. Ungedhani ni yeye aliyeachwa.

Alipomaliza kulia akasema, "Basi Barke akafungashe vitu vyake."

"Akafungashe aende wapi?" akauliza Maalim. "Lazima akae eda, muda wake wa kungoja. Eda hukaliwa nyumbani alikoachiwa, na wewe kwake sasa ni mwanamume wa kando, huwezi kulala paa moja naye. Atakayefungasha ni wewe."

Hilo Nassor hakulijua. Alikuwa amejifunza kutoa talaka tu, yanayofuata hakuyafikia.

Akahamia kwa Mohdhar, katika stoo ya duka, kati ya magunia na papa. Eda yote alikwenda kazini ananuka papa, makuli wake wakawa wanazungumza naye wakiwa upande wa juu wa upepo. Mohdhar naye hakupata raha, kwani mgeni wake alikuwa macho kila usiku, na akaanza kumwonyesha namna ya kupanga duka. Mwisho Mohdhar akaja mlangoni kwa Barke, akabisha hodi, akasimama nje kwa heshima.

"Bi Barke, kuna njia. Eda yako ikisha, uolewe na mtu mwingine, akuache, kisha Nassor akurejee. Mimi ni rafiki yake. Niko tayari kumsaidia. Siku moja mbili tu."

"Ahsante, Bwana Mohdhar," akajibu Barke kwa ndani. "Wataka kumsaidia, mfulie kanzu."

Eda ilipokwisha hakwenda Changamwe. Nilikuwa na chumba cha uani tulichokuwa tukiwekea kuni, tukazitoa kuni. Karai lake likahamia kwangu, na vitumbua vikaendelea, na kwa kweli viliongezeka, kwa sababu hapana tena mtu wa kukorogewa uji. Nassor akarudi nyumbani kwake, kwenye mpango wake, chumvi upande aliotaka.

Na tembo aliacha. Sisemi kwa kejeli, aliacha kweli, hata Mramba alisikitika. Jioni moja, Mwambao ulikuwa bado unabishaniwa barazani, nilikuwa na Barke pale bandari ndogo boti ikafika. Nassor akateremka, kanzu safi, akaja mpaka mbele ya bakuli. Makuli wakampisha.

"Bi Barke."

"Abee, Bwana Nassor."

"Tangu siku ile sijaonja. Hata tone. Safari hii sikumwapia mtu."

Barke akamtazama, si kwa hasira.

"Hongera sana," akasema. "Wataka vitumbua vingapi?"

Akasimama kidogo, kama anayengoja neno jingine. Halafu akasema viwili. Akafungiwa katika karatasi, akapokea, na kuli aliyekuwa nyuma yake akanyoosha mkono wenye senti.